Miaka 11 ya kubisha hodi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafanya nini hasa?

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Juzijuzi kuna mtu aliuliza kwa kejeli hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana kazi gani zaidi ya kuzunguka na begi na fulana yenye maandishi mgongoni. Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta. Mwisho nimeona nifungue uzi kabisa, maana mimi ni mmoja wa hao wa begi. Huu ni mwaka wangu wa 11. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Nianze na mtoto mmoja. Miezi 9, anakohoa siku ya tatu. Mama anasema ni mafua. Nikamwomba amnyonyeshe kwanza atulie, kwa sababu mtoto anayelia ukimhesabu pumzi unapata namba ya uongo. Alipoachia ziwa na kuanza kusinzia, mama akainua kigauni, mimi macho kwenye kitumbo, saa mkononi, dakika moja nzima. Ule ujanja wa kuhesabu nusu dakika halafu kuzidisha mara mbili haufai, pumzi za mtoto mchanga zinakwenda zikisita. Nikapata 57. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, akifika 50 hizo ni pumzi za haraka. Wa mwaka 1 hadi 5 mpaka wake ni 40. Nikarudia, nikapata 56. Hapo hakuna mafua tena, hiyo unaichukulia ni nimonia.

Begi langu siku hiyo lilikuwa na kila kitu isipokuwa amoksilini, ile antibaiotiki ya nimonia. Iliisha wiki mbili nyuma na maombi nilikuwa nimepeleka mara mbili. Nikaandika rufaa ya kumpeleka kituo cha afya, nikaeleza, mama akaitikia kwa kichwa, nikaondoka zangu.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Hawajaenda. Karatasi ya rufaa imechomekwa ukutani vizuri kabisa, kama cheti. Baba yuko safarini na simu haipatikani. Nauli hakuna. Mtoto mkubwa hana wa kumwachia. Na mara ya mwisho mama kufika kituoni alifokewa mbele ya watu kwa kusahau kadi. Sababu nne, na begi zima halina dawa ya hata moja. Pumzi sasa ni 64 na kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Nikamwomba jirani akae na yule mkubwa, mama akabeba mtoto, mimi nikabeba begi, tukaondoka wote. Alilazwa siku nne, akapona.

Nikisimulia hii, watu husifia kuhesabu pumzi. Jamani, kuhesabu pumzi mtu anafundishwa siku mbili akaelewa. Mtoto yule alikuwa anaponea kwenye ile asubuhi ya pili. Nikiri na kosa langu pia: jana yake sikuuliza "mtaendaje?" Neno moja tu. Siku hizi siandiki rufaa kabla sijajibiwa hilo swali.

Ndiyo hoja yangu wakuu: kazi ya mhudumu wa jamii ni kurudi. Daktari hakurudii nyumbani, hana nafasi hiyo na wala hatumlaumu. Vipimo na vidonge tulivyonavyo ni vichache na vinafahamika. Kuna mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu ya kidole na kusubiri dakika 15 hadi 20 kutegemea aina ya kipimo. Kuna ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki kwa anayeharisha. Kuna utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: ukisoma chini ya milimita 115 uko kwenye nyekundu, utapiamlo mkali, 115 mpaka kabla ya 125 ni njano. Kumtembelea mjamzito, kumtembelea mzazi na kichanga ndani ya siku za mwanzo, kufuatilia waliokosa chanjo, mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza kuchoka vidonge mwezi wa tatu kwa kuwa anajisikia mzima. Ukiyaangalia yote hayo, karibu kila moja lina ziara ya pili ndani yake. Zinki yenyewe ni siku 10 hadi 14, na kuhara kunaisha siku ya tatu. Nani atamkumbusha mama siku ya sita?

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1978 pale Alma-Ata, Kazakhstan ya leo, nchi zilikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi iwafuate watu wanakoishi, na wahudumu wa jamii wametajwa ndani ya azimio lenyewe. Ila mfano ninaoupenda ni wa Bangladesh. Kuanzia 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji nusu seer, kipimo chao cha karibu nusu lita. Kwa miaka 10 walifikia nyumba zaidi ya milioni 12.

Utamu uko kwenye malipo. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizoingia. Baadaye mkaguzi alikwenda kwenye baadhi ya nyumba zile zile kumuuliza mama anakumbuka nini, na mwalimu akalipwa kulingana na alichokumbuka mama. Hata hivyo mwanzoni akina mama walijua lakini wengi hawakutumia. Kuchunguza, ikaonekana baadhi ya walimu wenyewe wakiharisha walikuwa wanakimbilia vidonge, yaani hawakuamini wanachofundisha. Tena akina baba walikuwa hawajaambiwa kitu. Yote mawili yakarekebishwa. Sasa hebu fikiria, yangejulikanaje kama hakuna aliyerudi kuuliza?

Karibuni, na wa kupinga wapinge.

#2

Uzi umeshiba huu. Naweka kambi.

#3

Mimi ni muuguzi, nitapinga kidogo. Mleta mada unaonekana mtu makini lakini usituuzie picha ya malaika. Wenzako wengine wanaleta mtoto siku ya tano baada ya kumjaribu kila kilichomo kwenye begi. Wengine wanajiita madaktari na mtaa unawaita hivyo hivyo, nao wanaitika. Na rejesta ndiyo usiseme. Nimeshakagua rejesta ya miezi mitatu iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, jioni moja. Kila kaya "wako salama". Kumpa mtu wa mafunzo ya wiki chache antibaiotiki agawe mimi bado naona ni hatari.

#4 – Mleta mada

Muuguzi, rejesta za mezani zipo, sitabisha. Na kuitwa daktari kunalevya, nimeona wenzangu wakilewa.

Ila kwenye antibaiotiki naomba nitie neno. Gadchiroli, kule Maharashtra India, madaktari wawili, mume na mke, Abhay Bang na Rani Bang, waliwafunza wanawake wa vijijini kumwangalia kichanga nyumbani, pamoja na kuchoma sindano ya gentamisini kichanga mwenye dalili za maambukizi makali. Wasomi wengi wangekwambia haiwezekani. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999: kufikia mwaka wa tatu vifo vya vichanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji vya jirani. Wale wanawake hawakupewa sindano wakaachwa. Kila kichanga alitembelewa tena na tena ndani ya mwezi wa kwanza, na msimamizi alikuwa anapita kukagua kazi. Kwa hiyo hatari uliyoisema ipo, lakini mimi naiona iko kwa mhudumu asiye na msimamizi. Msimamizi wangu wa kwanza alikuja mara moja kwa mwaka, na alikuja kupiga picha. Wa sasa anakuja kila mwezi, ananiambia "tuchague kaya tatu twende", halafu anachagua yeye. Jaribu kujaza rejesta ya mezani hapo.

Nami nikuulize. Karatasi zangu za rufaa zina kipande cha chini mnachotakiwa kujaza mgonjwa amekutwa na nini, kapewa nini, nimfuatilie kwa lipi. Unafikiri mwaka jana vilirudi vingapi?

#5 – (muuguzi wa #3)

Hapo umenishika. Nadhani hata kalamu haikugusa. Foleni ikiwa nje ya mlango kile kipande ndicho cha kwanza kusahaulika.

#6 – Mleta mada

Vilirudi viwili. Vyote viwili ni vyako au vya mwenzako mwenye moyo kama wako 😀. Sikulaumu, ila bila mrejesho nikifika kwa mgonjwa namuuliza yeye kaambiwaje, naye ananionyesha pakiti. Napiga ramli.

#7

Wakuu mimi nipo upande wa historia kidogo. Mleta mada kasahau mfano ninaouona mkubwa kuliko wote: mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 ulikadiriwa kushika watu milioni 3.5 hivi kwa mwaka, Afrika na Asia. Mwaka 2023 walioripotiwa dunia nzima ni 14. Na huu ugonjwa hauna chanjo, hauna dawa ya kuutibu. Unachoweza ni kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, kumzuia mwenye mnyoo unaochomoza kwenye ngozi asiingize mguu kwenye chanzo cha maji, kufunga kidonda, na kuwinda kila mgonjwa mpya kijiji kwa kijiji. Mnyoo unachomoza kama mwaka mmoja baada ya mtu kunywa maji yale, kwa hiyo ukipoteza hesabu msimu mmoja unalipa msimu unaofuata. Nani kafanya? Watu wa kijijini wenyewe, waliofunzwa kuripoti haraka. Hakuna hospitali hapo.

#8 – Mleta mada

Ahsante mkuu, huo nakazia. Umenizidi.

#9

Mnasifia sana lakini mimi naona mnataka kuharibu kitu kizuri. Hii kazi ilikuwa ya kujitolea, mtu anachaguliwa na majirani zake kwa sababu ana moyo. Ukianza kuweka mshahara wanakuja wenye njaa ya mshahara. Nepal wana wanawake wa kujitolea tangu 1988, zaidi ya 50,000, ndio wamegawa vitamini A nchi nzima kwa miaka. Moyo haununuliwi.

#10 – Mleta mada

Nilijua utakuja, karibu.

Nimeshasikia "moyo" kwa miaka 11, mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye mshahara. Kazi ilipoanza nilikuwa na kaya 40 na mada mbili, maji safi na chanjo. Kisha ikaja malaria, kisha lishe, kisha kifua kikuu, kisha uzazi wa mpango, kisha shinikizo la damu na kisukari, na kila mradi una rejesta yake na semina yake. Leo nina rejesta sita. Kaya nazo zimeongezeka. Saa zangu za kwenda shambani zimekwisha, na hakuna aliyekaa chini akasema huyu mtu sasa anakula wapi. Anayejitolea saa mbili kwa wiki anajitolea. Anayefanya siku tano kwa wiki bila malipo, tafuta neno lingine.

Nepal ni mfano mzuri, na wale akina mama nawavulia kofia. Lakini hata India, ambako ASHA, wahudumu wa jamii wa kule, walianza 2005 na sasa wanakaribia milioni moja, mwaka 2022 walipewa tuzo ya heshima na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na wamekuwa wakigoma mara kwa mara kudai kulipwa kama wafanyakazi. Tuzo ukutani, sufuria jikoni. Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo mwaka 2018 unaosema wahudumu wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, na pia likashauri malipo yasitegemee zaidi vile vijizawadi vya "ukileta mjamzito mmoja unapewa kadhaa". Nawaelewa. Ukinilipa kwa mjamzito anayejifungulia kituoni tu, mzee wa kisukari nyumba ya pili nitampungia mkono nikipita.

Brazil wameenda mbali. Kule mhudumu wa jamii ni sehemu ya timu moja na daktari na muuguzi tangu mpango wa afya ya familia ulipoanza 1994. Ana eneo lake, kwa miaka mingi kanuni ikiwa watu wasiozidi 750 na wastani wa ziara moja kwa kila familia kwa mwezi, yenye mgonjwa na isiyo na mgonjwa. Mwaka 2022 wakaingiza kwenye katiba kwamba malipo yake ya kuanzia yasipungue mishahara miwili ya kima cha chini. Katiba, mkuu! Wenye njaa ya mshahara hawajaiharibu.

Na usisahau madaktari pekupeku wa China. Walikuwa wakulima waliofunzwa miezi michache, wakalipwa na kijiji kwa alama za kazi kama wenzao wa shambani. Mfumo wa mashamba ya pamoja ulipovunjwa miaka ya 1980, zile alama zikapotea, na wengi wakaacha au wakageuka wauza dawa. Moyo haukuwa umekwenda popote. Mlipaji ndiye aliyekwenda.

#11

Naomba niulize jambo ambalo hakuna anayeligusa. Siri. Mimi natumia dawa za kufubaza VVU. Mhudumu wa mtaa wetu ni jirani kabisa, watoto wetu wanacheza pamoja. Alipoanza kunitembelea, ndani ya mwezi mmoja mama mwenye nyumba akaniuliza "yule wa fulana anafuata nini kwako?" Nilimwomba asije tena. Kurudi kwenu huko kunaweza kumchoma mtu.

#12 – Mleta mada

Ndugu yangu, pole sana, na sina jibu la kukushinda. Ujirani unaotufungulia mlango ndio huo huo unaotuponza. Nimewahi kupoteza mteja kwa namna hiyo hiyo, na sikuwa nimefungua mdomo kwa mtu. Fulana ilisema kwa niaba yangu.

Ninachofanya mimi sasa ni mambo matatu, ukipenda mpe huyo jirani yako. Namuuliza mteja mwenyewe tuonane wapi, na kama hataki nyumbani, si nyumbani. Tunabadilishana na mwenzangu wa eneo la pili: wa kwake wanaotaka uso mgeni nawachukua mimi, wa kwangu anawachukua yeye. Na la tatu nimejifunza kwa kuchelewa: napita nyumba zote za uchochoro, hata kwa yule bibi asiyeumwa anayenipigisha soga nusu saa. Ukipita nyumba zote, hakuna nyumba inayosomeka. Ukienda moja kwa moja mlango wa tano, umeshaandika bango.

Kwa umbea wa makusudi ni jambo lingine. Huyo asimamishwe, bila kuombewa.

#13 – (muuguzi wa #3)

Hili la uchochoro mzima sikuwahi kulifikiria. Sisi huwa tunawaambia "punguzeni ziara zisizo na sababu, mnapoteza muda".

#14 – Mleta mada

Hilo agizo nalijua, nimelisaini mara kadhaa 😂

#15

Mleta mada, umesimulia ukaacha njiani. Yule mtoto wa pumzi 57 yuko wapi sasa?

#16 – Mleta mada

Yuko darasa la kwanza. Akiniona na begi anakimbia, maana mwaka juzi nilimtoboa kidole kwa kipimo cha malaria na hajanisamehe.

Mama yake ndiye aliyenipigia mwezi uliopita usiku, kichanga wa jirani ana miezi 5 anakohoa. Nilipofika nikakuta amekaa naye, kigauni kimeinuliwa, simu mkononi imewashwa saa. Akaniambia kabla sijavua viatu: "Nimehesabu mara mbili, 53. Na nauli nimeshawauliza, ipo."

Nikakaa, nikahesabu yangu. 54. Safari hii amoksilini ilikuwemo.